Nomino na Boila: Historia ya Istilahi katika Mpaka wa Busia na Tororo

Utangulizi

Makala haya yanazungumzia historia ya aina mbili za istilahi ambazo kwa kawaida haziwekwi katika ukurasa mmoja. Aina ya kwanza ni istilahi za sarufi, kama vile nomino, kitenzi na kivumishi. Aina ya pili ni istilahi za boila, yaani mtambo wa kuzalishia mvuke, kama vile tanuri, bomba, vali na dohani. Tumeziweka pamoja kwa sababu zilifika mahali pamoja, yaani eneo la mpaka wa Kenya na Uganda, lakini kwa njia mbili tofauti kabisa. Istilahi za boila zilikuja na reli na viwanda, zikitoka mdomoni mwa fundi hadi sikioni mwa msaidizi wake. Istilahi za sarufi zilitoka katika kamati na taasisi, zikapitia vitabuni hadi darasani.

Hoja yetu ni kwamba kila njia ilikuwa na upungufu wake. Karakana ilikuwa na matumizi mengi ya maneno lakini fasili chache. Darasa lilikuwa na fasili nyingi lakini, upande wa Uganda hasa, matumizi machache. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha leo Busia au Tororo amerithi mapungufu yote mawili, na anatakiwa kuyarekebisha yote mawili kwa wakati mmoja.

Mpaka, reli na lugha

Tuanze na mahali penyewe. Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja uko Kenya na mwingine uko Uganda. Kaskazini yake kuna Malaba, ambako reli inavuka mpaka, na baada ya Malaba, ndani ya Uganda, kuna Tororo, mji unaotambulika kwa mwamba wake mkubwa. Wakazi wa eneo hili ni wa lugha nyingi. Wapo Wasamia na Wakhayo, ambao lugha zao ni za Kibantu. Wapo Wateso, wanaoishi pande zote mbili za mpaka, na Wapadhola wa Tororo, ambao lugha zao ni za Kiniloti.

Mpaka huu haukuwapo tangu zamani. Hadi mwaka 1902 eneo kubwa la magharibi ya Kenya ya leo lilikuwa sehemu ya Himaya ya Uganda, na mpaka ulikuwa mbali sana upande wa mashariki, karibu na Naivasha. Mwaka huo Waingereza waliuhamishia Mkoa wa Mashariki wa Uganda katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Ndiyo maana Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilipofika Kisumu mwezi Desemba mwaka 1901 ilikuwa imefika Uganda kweli; miezi michache baadaye ikajikuta imo yote ndani ya nchi jirani, ingawa jina lake halikubadilika.

Reli ilifika Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa njia ya Nakuru na Eldoret. Kutoka Tororo tawi moja lilielekea Soroti, nalo likafunguliwa mwaka 1929. Njia kuu iliendelea magharibi ikafika Kampala mwaka 1931. Kwa hiyo Tororo ikawa njia panda. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na fundi aliyejifunza kazi Nairobi aliweza kuhamishiwa Tororo, Tabora au Mombasa. Lugha iliyomwezesha kufanya kazi katika vituo vyote hivyo ni Kiswahili.

Hapa tunakutana na kinzano la kwanza la historia yetu. Wakati Kiswahili kilipokuwa kikisambaa Uganda kwa njia ya reli, polisi na jeshi, kilikuwa kikipoteza nafasi yake shuleni. Gavana William Gowers alipendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kitumike kwa upana zaidi Uganda. Pendekezo lake lilipingwa vikali. Kabaka Daudi Chwa aliandika kulipinga mwaka 1929, na maaskofu nao walipinga. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 Kiswahili hakikuwa tena miongoni mwa lugha za Kiafrika zilizotambuliwa rasmi kufundishiwa katika shule za Uganda. Na bado, kuanzia mwaka 1952, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 kwa kazi ya kusanifisha Kiswahili, ilikuwa na makao yake Makerere, Kampala. Kwa takriban miaka kumi, meza ya usanifishaji ilikuwa katika nchi ambayo watoto wake wengi hawakuwa wakisoma lugha iliyokuwa ikisanifishwa.

Utafiti wa lugha uliofanywa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1960 ulionyesha matokeo ya hali hiyo. Waganda wengi, yaani raia wa Uganda kwa jumla, waliweza kuzungumza Kiswahili kwa kiasi fulani, lakini wanaume walikuwa wengi zaidi kuliko wanawake. Hilo halishangazi. Lugha iliyofundishwa na kazi ilijulikana na wale waliopata kazi hizo, na kazi za reli, polisi na jeshi zilikuwa za wanaume.

Karakana na msamiati wake

Neno karakana lenyewe ni shahidi wa historia hii. Asili yake ni Kiajemi, na lilitufikia kwa njia ya Bara Hindi. Gari nalo linatokana na Kihindi. Wajenzi wa Reli ya Uganda walikuwa pamoja na zaidi ya Wahindi 30,000 walioletwa kwa mkataba, na miongoni mwao walikuwamo wahunzi, maseremala na mafundi wa mitambo. Tanuri na dohani ni maneno ya Kiarabu yaliyokuwa pwani kabla ya reli: tanuri lilikuwa la kuchomea chokaa au mkate, na dohani ilikuwa ya merikebu za moshi. Bomba ni neno la Kireno. Vali, geji, injini na boila yametoka katika Kiingereza. Mvuke ni neno letu wenyewe la Kibantu, ndugu wa kitenzi fuka, kama tunaposema moshi unafuka.

Kwa hiyo mtu aliyesimama mbele ya garimoshi akitaja sehemu zake alikuwa akitumia, bila kujua, maneno ya Kiajemi, Kihindi, Kiarabu, Kireno, Kiingereza na Kibantu. Hakuna kamati iliyoketi kuyachagua. Yalichaguliwa na haja ya kumwambia mwenzako afunge kitu gani, na haraka.

Magari yenyewe yalikuwa na uzito wa kuogofya. Makubwa kuliko yote yalikuwa ya daraja la 59, yaliyotengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956. Yalikuwa 34, kila moja likiwa na uzito wa takriban tani 252, na yalipewa majina ya milima. Yalivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, na moja lao, Mount Gelai, limehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Mwalimu wa sarufi anaweza kusimama hapo na darasa lake akapata somo zima: garimoshi ni nomino ya kawaida, kwa sababu latumika kwa yote 34, Mount Gelai ni nomino ya pekee, kwa sababu latumika kwa moja tu.

Injini za mvuke ziliondolewa polepole, nafasi yake ikachukuliwa na za dizeli, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika shirika la reli lilivunjika nayo. Tororo ikabaki stesheni ya mpakani ya shirika la Uganda. Lakini boila haikuondoka katika eneo hili. Iliendelea kufanya kazi katika viwanda, hasa vya sukari, ambavyo huchoma makapi ya miwa ili kupata mvuke wa kuendeshea mitambo. Kiwanda cha Mumias, kusini-mashariki mwa Busia, kilianza kusaga miwa mwaka 1973, na cha Nzoia mwaka 1978. Maneno ya reli yakapata nyumba mpya.

Darasa na msamiati wake

Historia ya istilahi za sarufi ni tofauti. Vitabu vya mwanzo vya sarufi ya Kiswahili viliandikwa kwa Kiingereza na kwa ajili ya wageni. Krapf alichapisha muhtasari wake mwaka 1850, Steere mwongozo wake mwaka 1870, na Ashton kitabu chake mwaka 1944. Wote hao walieleza Kiswahili kwa istilahi za lugha nyingine. Hata Kamati ya Lugha, iliyotoa kamusi maarufu ya Johnson mwaka 1939, ilifanya kazi zake nyingi kwa Kiingereza.

Ikumbukwe pia kwamba istilahi za sarufi ya Kiingereza si za Kiingereza kwa asili. Wayunani wa kale ndio waliogawa maneno katika aina nane. Kazi hiyo huhusishwa na Dionysius Thrax, aliyeishi karibu miaka 100 kabla ya Kristo. Warumi waliitafsiri kwa Kilatini, na wanasarufi wao kama Donatus na Priscian wakaifundisha Ulaya nzima kwa karne nyingi. Waingereza waliyapokea maneno hayo ya Kilatini, mengi kwa kupitia Kifaransa, wakayafupisha kwa matamshi yao. Kwa hiyo mwanafunzi asidhani kwamba lugha inayoazima istilahi ni lugha maskini. Kiingereza nacho kiliazima.

Haja ya istilahi za Kiswahili kwa ajili ya sarufi ya Kiswahili ilikuja pale Kiswahili kilipoanza kufundishwa kwa Kiswahili katika ngazi za juu. Tanzania ilianzisha Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, mrithi wa ile Kamati iliyokaa Makerere, iliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, na mwaka huohuo idara ya Kiswahili ilianza kufundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili. TUKI ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na mwaka 1990 ikatoa kamusi ya isimu na lugha na kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Kenya nayo ilikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza.

Matokeo yake mpakani yalikuwa dhahiri. Mtoto wa Busia ya Kenya alikariri aina za maneno kwa Kiswahili tangu shule ya msingi. Mtoto wa Busia ya Uganda, pengine binamu yake, alikariri aina hizohizo kwa Kiingereza, akayatumia maneno ya Kiswahili sokoni bila kujua kwamba yana sarufi inayoweza kuelezwa.

Kwa nini jina halitoshi na bomba halitoshi

Sasa tuangalie tatizo lenyewe la fasili. Zamani vitabu vingi viliita nomino kwa neno jina. Neno hili ni zuri na linaeleweka, lakini tayari lilikuwa na kazi nyingine: jina la mtu. Ukimwambia mwanafunzi ataje majina yaliyomo katika sentensi "Wafanyakazi walisafisha boila kwa uangalifu", anaweza kujibu kwamba hakuna jina hata moja, kwa sababu hakuna mtu aliyetajwa. Ndipo likaletwa neno nomino, kutoka Kilatini, lisilo na kazi nyingine yoyote katika Kiswahili. Halikuletwa kwa ajili ya majivuno. Lililetwa ili kuupunguzia mzigo neno lililobeba mizigo miwili.

Tatizo hilohilo limo katika neno bomba. Katika Kireno maana yake ni kifaa cha kusukumia maji. Katika Kiswahili limekuwa likimaanisha kifaa hicho, kisha mrija wa chuma unaopitisha maji, kisha mfereji wa nyumbani, na hata sindano ya daktari. Nyumbani hakuna madhara. Mbele ya boila, "angalia bomba" inaweza kumaanisha kuangalia kifaa kinachoingiza maji au mrija unaoyapitisha, na hayo ni mambo mawili yenye hatari mbili tofauti. Ndipo mafundi walipoanza kutofautisha: pampu ni ya kusukuma, bomba ni la kupitisha. Fundi na mwanaisimu walitatua tatizo moja kwa njia moja, na wala hawakuwa wamekutana.

Vivyo hivyo kwa kitendo na kitenzi. Kitendo ni jambo linalofanywa. Kitenzi ni neno linalolitaja. Kufungua vali ni kitendo. Neno fungua ni kitenzi. Mwanafunzi asiyetofautisha kitu na neno la kukitaja hawezi kwenda mbali katika sarufi.

Fasili nzuri, kama walivyofundisha wanafalsafa tangu Aristotle, hufanya mambo mawili: hutaja kundi ambalo kitu kimo, kisha hutaja kinachokitenga na wenzake katika kundi hilo. Ukisema "boila ni chombo cha kuchemshia maji", umetaja kundi lakini hujatenga. Hata birika la chai ni chombo cha kuchemshia maji. Sheria za viwanda za Uingereza, ambazo Kenya na Uganda zilirithi mfano wake, zimeongeza mambo mawili: chombo lazima kiwe kimefungwa, na mvuke uzalishwe humo kwa shinikizo linalozidi lile la hewa ya kawaida. Maneno hayo machache ndiyo yanayobeba hatari yote. Maji yakigeuka mvuke katika hewa ya kawaida huchukua nafasi kubwa zaidi ya mara 1,600 kuliko mwanzo. Ndani ya chombo kilichofungwa nafasi hiyo haipo, kwa hiyo shinikizo hupanda, na maji yenyewe huendelea kupata joto kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Chombo kikipasuka, maji hayo hugeuka mvuke kwa mara moja. Uingereza ilitunga sheria maalumu kuhusu milipuko ya boila mwaka 1882, baada ya watu wengi kupoteza maisha.

Fasili za msingi

Zifuatazo ni fasili fupi tunazopendekeza kwa matumizi ya darasani. Kwanza, istilahi za sarufi:

Nomino: neno linalotaja mtu, kiumbe, kitu, mahali, hali au dhana. Katika Kiswahili kila nomino imo katika ngeli, na ngeli hiyo huongoza upatanisho wa kisarufi.

Kiwakilishi: neno linalosimama mahali pa nomino, kama mimi, huyu, wangu.

Kitenzi: neno linalotaja tendo, tukio au hali ya kuwa, na ambalo hupokea viambishi vya nafsi, wakati na ukanushi.

Kivumishi: neno linaloeleza zaidi kuhusu nomino, kama moto katika maji moto.

Kielezi: neno linaloeleza zaidi kuhusu kitenzi, kivumishi au kielezi kingine, kama polepole.

Kihusishi: neno linaloonyesha uhusiano wa nomino na sehemu nyingine ya sentensi, kama katika, kwa.

Kiunganishi: neno linalounga maneno, virai au vishazi, kama na, lakini, kwa sababu.

Kihisishi: neno linaloonyesha hisia, lisilo na uhusiano wa kisarufi na maneno mengine, kama lo, ala.

Pili, istilahi za boila:

Boila: chombo kilichofungwa ambamo mvuke huzalishwa kwa shinikizo kubwa kuliko la hewa.

Tanuri: chumba ambamo kuni, makaa, mafuta au makapi huchomwa ili kuipatia boila joto.

Mirija ya moto: mabomba membamba yanayopita ndani ya maji yakibeba hewa ya moto kutoka katika tanuri. Injini Rocket ya Stephenson ya mwaka 1829 ilikuwa nayo 25 ya shaba.

Pampu ya maji: kifaa kinachosukuma maji kuyaingiza katika boila dhidi ya shinikizo lililomo.

Kioo cha maji: mrija wa kioo ulio nje ya boila unaoonyesha kimo cha maji yaliyomo ndani.

Geji ya mvuke: kifaa kinachoonyesha kiasi cha shinikizo. Vitabu vya fizikia vya Tanzania huita shinikizo kanieneo.

Vali ya usalama: kilango kinachofunguka chenyewe shinikizo likizidi kiwango kilichowekwa, na kutoa mvuke nje.

Vali ya kufungia: kilango kinachofungwa na kufunguliwa kwa mkono ili kuzuia au kuruhusu mvuke kwenda mtamboni.

Kizibo cha usalama: kizibo chenye madini laini kilichowekwa juu ya tanuri, kinachoyeyuka maji yakipungua mno, ili mvuke umwagike na kuzima au kupunguza moto na kumwonya mhudumu.

Dohani: njia ya juu ya kutolea moshi.

Msomaji ataona kwamba vali mbili zilizotajwa zinatofautishwa na neno moja tu katika fasili: chenyewe. Moja haimngoji mtu. Nyingine haifanyi lolote bila mtu. Mwanafunzi akiulizwa tofauti ya vali ya usalama na vali ya kufungia, akajibu kwamba zote ni vali, hajajibu chochote.

Fasili za Kiingereza katika nyumba ya Kiswahili

Mwalimu wa upande wa Uganda ana kazi moja ya ziada. Wanafunzi wake wanakuja na fasili za sarufi ya Kiingereza, na baadhi yake hazikai vizuri katika Kiswahili. Tuchukue neno alimpikia. Katika Kiingereza mawazo hayo yanahitaji maneno manne: la mtenda, la kupika, la kumlenga mtu, na la kumtaja mtu huyo. Katika Kiswahili vyote vimo katika kitenzi kimoja: kiambishi a- cha mtenda, -li- cha wakati, -m- cha mtendewa, mzizi -pik-, kiambishi tamati -i- cha kutendea, na -a ya mwisho. Mwanafunzi anayetafuta kihusishi katika alimpikia kama alivyofundishwa katika Kiingereza atatafuta mpaka jua litue. Kazi ya kihusishi imefanywa na mnyambuliko.

Ngeli nazo zinamgusa kila mwanafunzi kwa namna yake. Msamia anayesema lugha ya Kibantu tayari anajua ngeli, ila hajui kwamba zinaitwa hivyo. Mteso anajua kwamba nomino za lugha yake zina viambishi vya jinsia, kwa hiyo wazo la nomino kuwa katika makundi si geni kwake, lakini makundi yenyewe ni mengine. Mpadhola hana mfumo kama huo. Mwalimu anayeanza na lugha za wanafunzi wake, badala ya kuanza na Kiingereza, atapunguza safari kwa nusu.

Neno lililozaliwa mpakani

Pamoja na njia ya kamati na njia ya karakana, eneo hili limetupatia mfano wa njia ya tatu. Reli haipiti Busia; Busia ni mji wa barabara. Kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na mwendo wa kutembea, na vijana wenye baiskeli walianza kuwavusha abiria na mizigo yao. Wakaita kwa neno la Kiingereza la mpaka, lililotamkwa mara mbili. Hivyo ndivyo inavyoelezwa asili ya bodaboda. Baadaye baiskeli ilibadilishwa na pikipiki, na neno likasambaa Kenya, Uganda, Tanzania na kwingineko.

Tulitazame kama wanaisimu. Fasili ya kwanza ilikuwa na mambo mawili: baiskeli, na mpaka. Leo yote mawili yameondoka. Bodaboda ya Dodoma haijawahi kuona mpaka wa nchi yoyote. Matumizi yamelihifadhi neno na kuitupa fasili yake ya kwanza. Kwa lugha ya mitaani hilo si kosa, ndivyo maneno yanavyoishi. Kwa istilahi, hilo ndilo jambo la kulinda, kwa sababu istilahi inayoteleza maana bila mtu kutangaza huwapotosha wanaoitumia.

Kazi iliyo mbele yetu

Hali ya Kiswahili Uganda imebadilika kisheria. Mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, itumike kwa namna ambayo Bunge lingeweka. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika miaka miwili ya mwanzo, na mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikubali tena kukitekeleza. Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwaka 2021, walikubali kiwe mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Upande wa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya lugha ya taifa na lugha rasmi.

Lakini sheria zinazolinda mfanyakazi wa boila, yaani Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zimeandikwa kwa Kiingereza. Mtu anayelisha makapi katika tanuri, ambaye ndiye wa kwanza kuungua likitokea la kutokea, mara nyingi anaifahamu mitambo yake kwa Kiswahili. Kati ya sheria na mtu huyu pana pengo, na pengo hilo ni la istilahi. Halitazibwa na mhandisi peke yake wala na mwalimu peke yake.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wetu wa isimu wanapofanya utafiti mpakani wakusanye maneno ya karakana na viwanda, waandike nani huyatumia na kwa maana gani, kabla mafundi wazee waliofanya kazi enzi ya mvuke hawajaondoka na maneno yao. Pili, kila neno lipewe fasili yenye kundi na tofauti, na ijaribiwe kwa fundi mwenyewe: je, akiisoma, anagusa kitu kilekile? Tatu, walimu wa pande mbili za mpaka wakubaliane juu ya istilahi zinazotofautiana, kama jina na nomino, shinikizo na kanieneo, ili mtoto anayehama shule kuvuka daraja asilazimike kuhama lugha.

Hitimisho

Tumeona kwamba boila na nomino zilifika Busia na Tororo kwa njia mbili, moja ya mikono na nyingine ya vitabu. Neno la karakana lilidumu kwa sababu lilihitajika kila siku, ila wengi waliolitumia hawakulifasili. Neno la darasa lilifasiliwa vizuri, ila halikuwafikia wengi waliolihitaji. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mwalimu wa Kiswahili wa Tororo anayekwenda kiwandani na daftari, akamwuliza mhudumu wa boila kile kinaitwaje na kinafanya nini, anafanya kazi ileile ambayo Kamati ilipaswa kuifanya ilipokuwa Makerere. Tofauti ni kwamba safari hii majibu yatarudi darasani kwa Kiswahili, na yanaweza kubandikwa ukutani karibu na kioo cha maji.